Kuhesabu Mishipa Ndani ya Saratani ya Mitoki

Mkazi wa Ijuganyondo, Bukoba, mwenye mitoki iliyovimba hukatwa kinyama cha kupimwa, na patholojia ndiyo husema kama ni limfoma, yaani saratani ya mitoki, na ya aina gani. Tangu mwaka 1971, Judah Folkman wa Marekani alipodai kwamba uvimbe haukui bila kujiotesha mishipa mipya ya damu, watafiti wamejiuliza: kinyama hichohicho kinaweza kutabiri nani atapona?

Njia yao si ngumu kueleza. Kinyama hugandishwa kwenye nta, hukatwa utando wa mikroni chache, kisha hutiwa kingamwili inayonasa protini ya CD34 kwenye kuta za mishipa, na mishipa hiyo huonekana ya kahawia. Mtaalamu hutafuta kwanza, kwa lenzi ya ukuzaji mdogo, sehemu zenye kahawia nyingi kuliko kwingine. Halafu huongeza ukuzaji, akahesabu na kupata wastani. Hata chembe moja ya kahawia iliyojitenga huhesabiwa kuwa mshipa.

Hapo ndipo penye udhaifu. Anayechagua sehemu ya kuhesabia ni jicho la mtu, na mtoki hata ukiwa mzima una mishipa yake mingi. Sishangai kwamba tafiti zimepingana kama hesabu hiyo hutabiri kupona.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka mwaka 2008, Lenz na wenzake waliposoma jeni za vinyama vya wagonjwa 414 wa limfoma ya seli B kubwa. Alama za jeni zilizoendana na wingi wa mishipa ziliashiria matokeo mabaya. Dawa ya kuzuia mishipa, bevacizumab, nayo ilijaribiwa kwa kuongezwa kwenye R-CHOP, tiba ya kawaida ya limfoma hiyo. Jaribio hilo likasitishwa kabla ya wakati: moyo uliumia, faida haikuonekana. Kumbe dalili ya hatari si lazima iwe mlango wa tiba.

Kwa hiyo hesabu ya mishipa ibaki kwenye maabara za utafiti. Daktari wa Bukoba au wa hospitali ya Bugando atapata mengi zaidi kwa umri wa mgonjwa, hatua ya ugonjwa, kipimo cha damu cha LDH, nguvu alizobaki nazo na viungo vilivyovamiwa nje ya mitoki. Na kwa mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, kipimo cha VVU kisikosekane, maana virusi hivyo huongeza hatari ya limfoma. Mtoki uliovimba usiopungua kwa wiki kadhaa, usiupake dawa ukangoja. Nenda ukatwe kinyama.