Kitabu cha Tatu cha Ted Chiang: Jijingi Yuko Wapi?

Wapo waandishi wanaotoa kitabu kila mwaka, mpaka msomaji achoke kabla yao. Ted Chiang, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1967, si wa kundi hilo. Hadithi yake "Tower of Babylon" ilitoka mwaka 1990. Mkusanyiko wa kwanza ukaja 2002, wa pili, Exhalation, ukaja 2019. Piga hesabu mwenyewe: vitabu viwili, hadithi 17, miaka 29. Riwaya hata moja hamna. Na huyu ndiye aliyekataa kuteuliwa kwa tuzo ya Hugo mwaka 2003 kwa kuona hadithi yake haikutoka alivyotaka. Wewe na mimi tungekataa? Thubutu!

Basi wapenzi wake tumekaa mkao wa kula, tunangoja cha tatu.

Wengi walimjua kwa filamu ya Arrival ya 2016, iliyotokana na hadithi yake ya 1998. Sawa. Mimi aliniteka kwa "The Merchant and the Alchemist's Gate" ya 2007. Mfanyabiashara wa vitambaa wa Baghdad anamsimulia khalifa habari za lango ambalo ukilipita unajikuta miaka 20 mbele au nyuma. Ndani ya masimulizi yake mna masimulizi mengine, hadithi inazaa hadithi. Aliyekulia kwenye Alfu Lela Ulela hapo yuko nyumbani. Kumbe hata hadithi ya sayansi yaweza kuvaa kanzu! Fizikia imo, lakini haipigi kelele. Unachobaki nacho ni majuto ya mtu kwa mkewe aliyekufa.

Sasa ugomvi wangu naye. Upo kwenye "The Truth of Fact, the Truth of Feeling" ya 2013, hadithi yenye nyuzi mbili. Mwandishi wa habari wa siku zijazo ana chombo kinachomtolea picha ya tukio lolote la maisha yake. Miaka yote anaamini binti yake ndiye aliyemtupia neno la kumlaumu kwamba mama kaondoka kwa sababu yake; akifungua picha anakuta neno lile alilisema yeye. Uzi wa pili ni wa Jijingi, kijana wa Kitiv enzi za Mwingereza, anayefundishwa kuandika na mmisionari. Kunazuka shauri la koo: karatasi za Wazungu zinasema hivi, mzee Sabe anasema vile. Kitiv, tunaambiwa humo, kina maneno mawili ya ukweli: vough, lililo sahihi kabisa, na mimi, lililo haki. (Naam, mimi! Mswahili hapiti hapo bila kutabasamu.)

Sabe anavyomkaripia kijana kwa kukimbilia karatasi ni kazi safi. Chiang hamcheki mzee, wala hamfanyi walii. Ila tazama nani kapewa nini: mwandishi wa habari kapewa kesho, Jijingi kapewa jana. Halafu mwishoni yule bwana anakiri kwamba habari za Jijingi kazitungia mengi mwenyewe. Hila nzuri, lakini inauma. Hata sauti ya kijana ilikuwa ya kuazima.

Ninachotaka kitabu cha tatu ni mjukuu wa Jijingi na chombo kile mkononi. Ukoo umekaa chini ya mti, wanagombea shamba, simu inacheza maneno ya marehemu babu, na mzee anasema siyo. Hapo vough na mimi zingepambana sawasawa.

Hofu yangu ni makala. Mwaka 2023 na 2024 aliandika kwenye The New Yorker kuhusu akili bandia, tena kwa hoja kali. Lakini hoja zikimzidi, hadithi hulegea. Chukua "The Lifecycle of Software Objects" ya 2010, habari za viumbe wa kompyuta wanaolelewa kama watoto: kurasa nzima watu wanajadiliana kama wako kwenye semina, nikawa nahesabu zilizobaki.

Achelewe akitaka. Kikitoka, nitaanza na hadithi iliyo ndefu kuliko zote, maana hapo ndipo alipojikwaa.