Mwigizaji Aliyejua Kufa: John Hurt na Ile Filamu ya Kicukiro

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya filamu tunajua sheria moja: stelingi hafi. Waliotoka Bukavu na Uvira wanamwita akteri, waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania wanamwita stelingi, lakini sheria ni ileile. Apigwe risasi, atupwe mtoni, achomewe nyumba, mwisho wa filamu utamkuta amesimama. Wanaokufa ni wale wengine, ambao hata majina yao hatuyashiki.

John Hurt alikuwa wa hao wengine. Alizaliwa Chesterfield, Uingereza, mwaka 1940, baba yake akiwa mchungaji wa Kianglikana. Alisomea uchoraji kwanza, ndipo akaingia RADA, shule kubwa ya maigizo ya London, na mwaka 1962 akaanza kazi ya jukwaani. Aliigiza hadi karibu na kifo chake, Januari 2017. Miaka zaidi ya hamsini! Na katika miaka hiyo yote sura yake haikuwa sura ya bango. Alikuwa mwembamba, macho yamechoka, sauti kama ya mtu aliyeamka usiku kupokea habari mbaya. Katika Alien ya 1979 yeye ndiye wa kwanza kufa: wako mezani wanakula na kucheka, mnyama anampasua kifua na kutoka. Watu wengi duniani wanakijua kifo hicho hata kama jina la aliyekufa hawalijui.

Nataka kusema kwa nini mtu huyu anatuhusu sisi tulioko hapa Kigali. Sababu ya kwanza ni watu aliochagua kuwaigiza.

Chukua 10 Rillington Place, filamu ya 1971. Hurt ni Timothy Evans, mtu aliyeishi kweli, kijana wa Wales asiyejua kusoma vizuri. Mke wake na mtoto wao mchanga wanauawa na jirani wa nyumba ya chini, Christie, mzee mwenye miwani, mpole, anayeongea taratibu. Evans anakwenda polisi mwenyewe. Anasema hiki, kesho anasema kile. Mahakamani Christie anatoa ushahidi dhidi yake, na Evans ananyongwa Machi 1950. Miaka mitatu baadaye maiti nyingine zinakutwa kwa Christie. Evans alipewa msamaha wa serikali mwaka 1966, alipokuwa kaburini tayari.

Mwigizaji mwingine angemfanya Evans awe mtakatifu ili tumlilie. Hurt hakufanya hivyo. Evans wake anajisifu baa, anadanganya mambo madogo ya bure, anapandisha hasira haraka. Kwa hiyo siku anaposema ukweli, uongo wake mdogo unasimama mbele yake kama ukuta. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza ya ofisi, akiulizwa tarehe aliyovuka mpaka, halafu akaulizwa tena kwa njia nyingine, anaelewa ninachosema. Kusema ukweli hakutoshi, ni lazima uwe na umbo la mtu anayeaminika. Evans hakuwa nalo, na Hurt anatuonyesha hivyo bila kuhubiri.

Mwaka 1980 akafanya The Elephant Man, habari ya mtu mwenye mwili ulioharibika, aliyekuwa anaonyeshwa kwa pesa kama mnyama. Hapo Hurt alifunikwa uso wote kwa vipodozi vilivyochukua saa nyingi kubandikwa. Alibaki na sauti, na namna ya kubeba mwili. Bado unamwona mtu. Kwa kazi hiyo alitajwa kugombea tuzo ya Oscar, na aliikosa.

Sauti hiyo ndiyo sababu ya pili. Mwaka 1978, katika katuni ya Watership Down, Hurt alikuwa sauti ya Hazel, sungura mdogo anayeongoza wenzake kukimbia mashimo yao kabla hayajaharibiwa. Wanatembea wasipopajua, wanakataliwa, wanatafuta kilima cha kukaa. Ni katuni, lakini msiwawekee watoto wadogo, ina damu. Sasa sikilizeni: hadithi hiyohiyo ilipofanywa mfululizo wa televisheni mwaka 1999, Hurt alirudi, na safari hii akawa sauti ya Jenerali Woundwort, sungura dikteta anayewafungia wengine. Akafanya vilevile na siasa za watu. Mwaka 1984 aliigiza Winston Smith katika Nineteen Eighty-Four, mtu mdogo anayesagwa na serikali inayosikiliza hadi kitandani. Miaka kama ishirini baadaye, katika V for Vendetta, yeye ndiye mtawala anayefoka kutoka kwenye skrini kubwa.

Sidhani hiyo ni bahati tu. Koo ni lile lile. Hakuitafutia dhuluma sauti ya shetani, alitumia ileile iliyokuwa ikitetemeka. Kwetu sisi wakimbizi jambo hili ni zito, ju tunapenda kuamini kwamba aliyefukuzwa hawezi kufukuza. Historia ya maziwa makuu haisemi hivyo. Hazel na Woundwort wanaweza kukaa kwenye kifua kimoja.

Sasa tuje nyumbani. Shooting Dogs, ya Michael Caton-Jones, ilitoka 2005. Hotel Rwanda ya mwaka mmoja kabla ilipigwa sehemu kubwa Afrika Kusini, lakini hii ilipigwa hapa, katika shule yenyewe ya ETO Kicukiro, kwenye majengo ambayo wengi wetu tunayapita kwa moto. Mnajua yaliyotokea pale. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu zaidi ya elfu mbili walikimbilia shuleni kwa sababu wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi ndani. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wale wakapanda magari yao, wakaondoka. Wauaji walikuwa nje wanangoja. Wengi wa walioachwa walipelekwa hadi Nyanza ya Kicukiro, wakauawa huko.

Hurt ni Padri Christopher, Mwingereza mzee anayekataa kuondoka. Hapa nina ugomvi na filamu. Padri huyo ametungwa, na aliyetoa wazo lake ni Vjekoslav Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia ambaye kweli aliokoa watu 1994, na akauawa hapa Kigali mwaka 1998. Filamu ikamgeuza Mwingereza na kumweka ETO, na kando yake ikamweka mwalimu kijana, naye Mwingereza. Kwa nini? Ili mtazamaji wa London apate mtu wa kumshika mkono. Matokeo yake ni kwamba waliokufa wamekuwa umati wa nyuma. Marie, binti Mtutsi, ana jina na mbio zake nzuri, lakini mara nyingi tunamwona kwa macho ya yule mwalimu. Sheria ya stelingi imeingia hata kwenye mauaji ya kimbari: lazima awepo mmoja wa kumwangalia, wengine wajaze uwanja.

Lakini ndani ya kosa hilo Hurt anafanya kitu ambacho hati ya filamu haikumwomba. Anakataa ustelingi. Wanajeshi wanapotaka kuwapiga risasi mbwa wanaokula maiti, yeye anamuuliza kapteni kama mbwa hao waliwahi kuwafyatulia wao. Ni hapo jina la filamu linapotoka. Mwingine angepaza sauti ili tupige makofi. Hurt anaongea kama mtu aliyemaliza hasira yake yote jana. Na anapoamua kubaki, hatuoni ushujaa, tunaona mzee ambaye hajui tena aende wapi. Muda mwingi anaangalia watu wale, na ukifuata macho yake na wewe unaanza kuwaangalia. Kamera inamweka katikati, yeye anaigiza kama mtu wa pembeni.

Kisha anakufa, kwenye kizuizi cha barabarani, kwa mkono wa kijana aliyemjua. Kifo chake hakiokoi shule. Kinapata muda mdogo tu wa watoto wachache kuteremka kwenye lori.

Msizime filamu pale. Mwishoni yanakuja majina ya waliofanya kazi nyuma ya kamera, na baadhi yao ni manusura, wakiwa na nyuso zao na habari ya waliowapoteza. Hizo dakika chache zinazidi filamu yote iliyotangulia. Ndizo zinazoonyesha filamu nyingine ambayo ingeweza kufanywa.

Katika kazi yangu na vijana, kila tukipanga mchezo wa kuigiza watu wanagombania kuwa kamanda, bosi, au muzungu wa shirika. Hakuna anayetaka kuwa yule aliyeachwa getini, kwani wanasema huyo hana maneno. Ningependa wamtazame Hurt kwa mpangilio huu: Evans kwanza, Hazel wa pili, padri wa mwisho. Halafu tukae tuandike mchezo ambao yule wa getini ndiye mwenye habari, na kapteni apewe sentensi mbili tu.