Pongezi kwa wakunga wa Kalenga

Leo nawapongeza wakunga wa Kalenga, Iringa, na nawakumbuka mama vijana waliofariki kabla ya kuwafikia.

Mama wa kijijini anapofariki kwa uzazi, mara nyingi kilichomuua ni damu. Mtoto amelia, kondo la nyuma limetoka, ndugu wameanza vigelegele. Kumbe mji wa mimba haujakaza na damu haikatiki. Saa mbili zinatosha kumwondoa, akaacha kichanga na mume asiyejua aanzie wapi. Hapo ndipo thamani ya mkunga inapoonekana. Anachoma sindano ya oksitosini, anasugua tumbo chini ya kitovu mpaka mji wa mimba uwe mgumu, jicho lake likiwa kwenye khanga iliyolowa. Mara nyingi ni usiku, yuko peke yake, na asubuhi kliniki inamngoja.

Takwimu zinawatetea. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Dawa zimesaidia, na namba ya dharura 115 ya M-mama, mfumo wa kuwasafirisha wajawazito kwenda hospitali, pia. Lakini gari halizalishi mtu.

Waliotangulia, Mungu awarehemu. Nawe mwenye mke au binti mjamzito, mpeleke kliniki mapema, na umkutapo mkunga, mshukuru.