Anataka Nini?

Jumatatu asubuhi, kabla majalada hayajagawanywa, mkuu wa ofisi moja ya mawakili huuliza swali moja kwa kila mteja: "Anataka nini?" Wakili kijana, aliyetoka chuo juzi tu, hujibu kwa haraka: "Anahitaji dawa, na familia imeshachoka." Mkuu hamkaripii. Humtazama tu na kungoja. Kijana hujaribu tena: "Nadhani anahitaji mahali patulivu kwanza." Mkuu hungoja tena, mpaka yule kijana afungue daftari na kusoma alichoambiwa wodini, kwa maneno ya mwenyewe aliyeyasema: anataka kurudi nyumbani, hataki sindano, na anataka arudishiwe simu yake. "Haya," husema mkuu, na hapo ndipo kalamu yake inapoanza kuandika.

Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa katika ofisi ile ya mawakili wa umma, wanaowatetea watu waliozuiliwa hospitalini kwa ugonjwa wa akili, jimbo la Massachusetts, kila inapopata mteja anayezungumza Kiswahili. Wengi wao ni Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Kesi ya mtu sitaisimulia hapa hata moja; kiapo kinanifunga, na hata kisingenifunga nisingesimulia. Ninachotaka kukisifu ni ufundi wa kazi yenyewe, hasa ufundi wa yule mwanamke anayeiongoza, kwa sababu sijauona ukisifiwa popote.

Sheria ya jimbo lile ni hivi. Mtu anayeonekana kuwa hatari kwa sababu ya ugonjwa wa akili anaweza kuzuiliwa hospitalini bila ridhaa yake hadi siku 3. Hospitali ikitaka kuendelea kumzuia lazima iende mahakamani, na shauri lianze kusikilizwa ndani ya siku 5, isipokuwa yeye au wakili wake akiomba muda zaidi. Hakimu akikubali, amri ya kwanza ni ya miezi 6. Zinazofuata ni za mwaka mzima. Mwaka 1978, katika shauri lililotoka hospitali ya Worcester, mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba hospitali lazima ithibitishe madai yake pasipo kuacha shaka ya msingi, kipimo kile kile anachopimiwa mshtakiwa wa mauaji. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Addington lililotoka Texas, iliridhika na kipimo cha chini kidogo kwa nchi nzima. Massachusetts ilibaki na chake.

Siku 5 ni chache sana kumjua mtu. Ndiyo maana mkuu huwafundisha mawakili wake kulisoma jalada kuanzia nyuma. Mbele kuna kiapo cha daktari, kimepigwa chapa, kimenyooka. Nyuma kuna maandishi ya wauguzi wa zamu ya usiku, ya haraka haraka: amelala saa sita, amekula chakula chote, amemsaidia mgonjwa mwenzake kufunga kamba za viatu. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa hawezi kujitunza, na muuguzi akawa ameandika, saa tisa usiku, kwamba mgonjwa huyo huyo kaoga, katandika kitanda, kaomba maji. Mkuu hasemi kwamba daktari ni mwongo. Anachosema ni kwamba hakimu anastahili kuusikia usiku pamoja na mchana.

Halafu kuna lile neno linalorudi katika majalada yote: mgonjwa hana utambuzi wa hali yake. Ukikataa kwamba unaumwa, kukataa kwako ni dalili. Ukikubali, umekiri. Nimemsikia mkuu akiwazoeza vijana wake maswali ya dodoso juu ya neno hili kwa saa nzima, yeye akijifanya daktari, nao wakimuuliza kwa zamu. Swali analolitaka ni jepesi: alisema nini hasa? Si daktari alielewa nini, bali mgonjwa alitamka maneno gani, siku gani, akiulizwa na nani.

Swali hilo ndilo lililonifanya nimpende. Fikiria kitenzi chetu kimoja tu, kusikia. Sisi husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu. Mtu akiulizwa "unasikia?" akajibu "nasikia", huenda anamaanisha tu kwamba amekuelewa. Na akisema "nasikia watu wananisema", pengine anazo habari za uhakika kwamba majirani wanamteta, kama wanavyotetwa watu wote waliowahi kuishi jengo moja na binadamu wengine. Sasa mweke mtu huyo mbele ya daktari mwenye fomu, mkalimani yuko kwenye simu mji mwingine, na swali ni kama anasikia sauti. Neno dogo lile linaweza kuingia katika jalada likiwa limevaa joho la maruweruwe. Siku nilipomweleza mkuu jambo hili aliniomba nilieleze tena, polepole, mbele ya timu nzima. Tangu hapo, jalada lolote lenye mkalimani ndani yake, huuliza kwanza: neno lilikuwa lipi kabla ya kutafsiriwa?

Siku ile alinijibu kwa kunisimulia habari za Theon Jackson, ambaye mawakili wa fani ile wote wanamjua. Jackson alikuwa kiziwi asiyesema, hajui kusoma wala kuandika, umri wake miaka 27. Mwaka 1968, jimbo la Indiana, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa mara mbili: mkoba na vitu vya dola 4, na fedha taslimu dola 5. Madaktari walisema hawezi kuelewa mashtaka, na hakukuwa na dalili kwamba atakuja kuelewa. Akapelekwa hospitali akae mpaka apone, ilhali kilichomzuia kujibu mashtaka hakikuwa kitu cha kupona. Kwa dola 9 ambazo hakuwahi kuhukumiwa kuziiba, alikuwa amefungiwa maisha. Wakili wake alikata rufaa, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikasema mtu hawezi kushikiliwa kwa sababu hiyo peke yake zaidi ya muda wa kuridhisha unaohitajika kujua kama ataweza kusimama mahakamani.

Na kuna Kenneth Donaldson, ambaye sauti alikuwa nayo. Aliingizwa hospitali ya Chattahoochee, Florida, Januari 1957, kwa maombi ya baba yake mzazi, akakaa karibu miaka 15. Hakuwa amemdhuru mtu. Kulikuwa na rafiki aliyekuwa tayari kumpokea, na hospitali ikakataa. Aliandikia mahakama mara baada ya mara, akakataliwa mara baada ya mara, mpaka mwaka 1975 majaji wote wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, waliposema serikali haiwezi kumfungia tu mtu asiye hatari anayeweza kuishi salama kwa nguvu zake au kwa msaada wa ndugu na marafiki walio radhi. Mkuu anaijua hukumu hiyo kwa ghibu. Lakini anachowaambia vijana ni kile kipande cha baba. Hakuna anayejua, husema, kama baba yule alikuwa mtu mbaya. Pengine alikuwa na hofu tu, na alimpenda mwanawe.

Hapo mimi hukumbuka sebule ya bibi yangu, Tanga. Nilikuwa darasa la sita mjomba alipougua. Kwetu, ukisema fulani ni wa Mirembe, kwa jina la hospitali ile ya Dodoma, mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo ukoo ulikaa kikao kabla jina halijatajwa na majirani. Kila mtu alisema. Kuna aliyetaka apelekwe hospitali, kuna aliyetaka asomewe, kuna aliyemjua mganga Handeni. Wote walimpenda, sina shaka na hilo hata leo. Mjomba mwenyewe alikuwa ameketi pale pale mkekani, kikombe cha chai mkononi, na hakuna aliyemgeukia. Mwishowe alisema neno. Bibi akamwambia, kwa upole, "Tulia, baba," na kikao kikaendelea. Nakumbuka kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni. Alichokisema mjomba sikikumbuki.

Nadhani ndiyo sababu nikikaa katika chumba kile cha kusikilizia mashauri, ambacho kiko ndani ya hospitali yenyewe na kina meza ya kawaida tu, nahisi kama nimerudi sebuleni na safari hii kuna mtu mmoja amewekwa kwa kazi ya kumgeukia mjomba. Daktari anajua lililo jema kwa mgonjwa. Wakili wa hospitali anajua. Ndugu wanajua, na hakimu naye atalazimika kujua kabla ya saa sita mchana. Wakili wa utetezi akiongeza hekima yake juu ya hizo, wote chumbani watakuwa matabibu na mgonjwa hatakuwa na msemaji. Huruma ndiyo adui anayenyemelea timu hii, na kazi kubwa ya kiongozi ni kuwalinda watu wake nayo. Kijana anayemhurumia mteja wake huanza kuuliza maswali laini, hulegeza pingamizi, huacha shahidi apite. Anafanya hivyo kwa moyo mzuri. Mteja anaondoka pale akiwa hajatetewa.

Kiswahili kina neno shauri, nalo ni kesi, na ni nasaha pia. Mkuu hajui Kiswahili lakini angelipenda neno hilo. Wodini, mlango ukiwa umefungwa, wakili wake lazima atoe shauri la kweli: ukisema hivi, hakimu atafikiri hivi, dada yako yuko tayari ukae kwake, je, uko radhi nimwite aseme? Anaweza kubishana na mteja hata nusu saa. Akishatoka pale, shauri linalokwenda mbele ya hakimu ni la mteja.

Sheria yenyewe, kwa upande wa dawa, imelikaribia wazo hili kwa namna inayonishangaza kila mara. Tangu hukumu ya Rogers ya mwaka 1983, hospitali za Massachusetts haziwezi kumpa mtu dawa za saikosisi kwa nguvu, isipokuwa kwa dharura, kwa sababu tu daktari ameona zinafaa. Hakimu akiona mtu hana uwezo wa kuamua, hujiuliza mtu huyu, na si mwingine, angechagua nini kama angekuwa na uwezo huo. Kwa hiyo dini yake huulizwa, na alichowahi kusema juu ya dawa akiwa mzima, na jinsi mkono unavyotetemeka na ulimi unavyokuwa mzito akizimeza. Mkuu huwapeleka vijana wake kumtafuta mchungaji, kinyozi, jirani wa zamani. Maisha ya mtu hukusanywa katika siku chache ili hakimu aweze kuyavaa kwa saa moja.

Sasa niseme lile zito. Wakili anaweza kushinda, mteja akaruhusiwa, na mabaya yakatokea. Mkuu huwaambia wapya siku yao ya kwanza, kabla hata hawajaonyeshwa maliwato yalipo. Halirembi. Nimeiona ofisi ile siku moja ya namna hiyo: simu zilipokewa kwa sauti ya chini, na yeye akahamishia jina lake majalada yote ya wiki ya yule wakili, kisha akaingia chumbani kwa wakili huyo, akavuta kiti, wakakaa. Sikusikia akimwambia si kosa lako. Walikaa tu, muda mrefu, mpaka taa za barabarani zikawaka. Wakili yule alirudi kazini. Mwingine, mwaka mwingine, hakurudi, na mkuu alimwandikia barua ya kumsifu aende nayo atakakokwenda.

Katika kusikiliza shauri yeye huketi safu ya nyuma. Nilidhani, mwanzoni, kwamba mtu mwenye uzoefu wake angenyakua maswali pindi kijana anapoyumba. Hanyakui. Hupitisha kikaratasi chenye neno moja au mawili: tarehe, nani alikuwepo, dada. Kijana hukisoma, hukikunja, huendelea kana kwamba wazo lilikuwa lake, na baada ya miezi kadhaa mawazo huwa yake kweli.

Mara nyingi mawakili hawa hushindwa. Alasiri moja hakimu alikuwa ameshatoa amri ya miezi 6, na wakili kijana alikuwa anavaa koti, uso umemshuka, anaelekea kwenye gari. Mkuu alimshika mkono wa koti. "Bado hatujamaliza," akasema, na akanigeukia mimi pia. Tukapanda lifti. Mlango wa wodi ukafunguka kwa kadi, ukajifunga nyuma yetu. Kijana akaomba ruhusa ya kuketi, akapewa, akavuta kiti mahali ambapo hakikuzuia njia ya mlangoni. Kisha akaeleza yote: hakimu aliamua nini, kwa sababu zipi, alimwamini nani, rufaa inakatwaje na ndani ya siku ngapi. Nilitafsiri sentensi baada ya sentensi. Palipokuwa na neno la kuumiza nilitamani kulilainisha, nikalitafsiri lilivyo. Tulipomaliza, aliyekuwa mbele yetu alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kusema, na mkuu akatoa kalamu.