Dobzhansky alikuwa na haki, lakini hakufika mu shamba ya mihogo



Kuko andiko moja lenye kila mtu wa biolojia analitaja, na wachache sana njo wamelisoma. Kichwa chake kimekuwa kama methali: hakuna kitu mu biolojia chenye kinaeleweka, isipokuwa mu mwangaza wa mageuko, ile tunaita evolisyo. Liliandikwa na Theodosius Dobzhansky mwaka 1973, mu jarida la walimu wa biolojia wa Marekani. Sisi tunapata ile kichwa mu oditwari, tunaiandika mu kaye, tunairudisha siku ya egzameni. Siku ya Mungu tunaenda kanisani, tunasikia kama evolisyo ni maneno ya shetani, na pale pia tunasema amina. Hakuna mwenye kuuliza. Mtu mmoja anatembea na vichwa viwili, na hakuna kichwa kinasemesha kingine.

Njo maana nimesoma lile andiko tangu mwanzo mpaka mwisho, na nataka tuliangalie pamoja, bila kuogopa jina kubwa la mwandishi.

Kwanza, yeye alikuwa nani? Alizaliwa Ukraine mwaka 1900, wakati ile inchi ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Alifika Marekani mwaka 1927 na akatumika na Thomas Hunt Morgan, mwenye kuchunguza drosofila, vile vidudu vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana. Kitabu chake cha 1937 kilisaidia kuunganisha sheria za urithi za Mendel na mawazo ya Darwin. Lakini kuko jambo lenye hatuambiwe: alikuwa Mkristo wa kanisa la Waorthodoksi. Mu lile andiko yeye mwenyewe anasema kama anaamini uumbaji na anaamini mageuko, yote mbili pamoja. Kwake, mageuko ni njia Mungu anatumia kwa kuumba, na ile kazi haijaisha.

Kwa hiyo, wale wanatumia ile kichwa kwa kufukuza Mungu mu biolojia hawajasoma andiko. Na wale wanasema biolojia ni kazi ya wapagani wanasahau kama Mendel alikuwa mtawa, na kama majaribio yake ya mbaazi aliyafanya mu bustani ya monasteri, kule Brno, kati ya 1856 na 1863. Wanasahau pia kama Papa Pio wa 12, mwaka 1950, aliruhusu wasomi Wakatoliki kuchunguza asili ya mwili wa mtu, na Papa Yohane Paulo wa 2, mwaka 1996, alisema mageuko imepita kuwa wazo la kujaribu tu.

Nguvu ya Dobzhansky iko mu mifano. Anaonyesha kama viumbe vyote vinaandika urithi wao na herufi zile zile nne za ADN. Anaeleza namna protini moja ya kupumua mu selule, sitokromu c, inafanana kwa mtu na kwa nyani, inaachana kidogo kwa kuku, inaachana zaidi kwa chachu. Halafu anatupeleka Hawaii, mu visiwa vidogo vyenye mamia ya aina za drosofila zenye hazipatikane pengine. Juu ya nini zote pale? Juu wazazi wachache walifika, wakakuta nafasi tupu, na watoto wao wakageuka kila moja kufuatana na mahali.

Mtu wa agronomi hawezi kushangaa. Bamama wa Kivu wanapanda maharagwe ya mchanganyiko, rangi nyingi mu kitunga kimoja. Ukipanda ule mchanganyiko misimu kadhaa ku udongo mubaya, zile zenye hazivumilie zinapunguka, zingine zinaongezeka. Kitunga kinageuka. Mama hajasoma Darwin, lakini ile kazi anaiona na macho yake.

Sasa nije ku yale yenye hayanifurahishi.

La kwanza ni mwanzo wa andiko. Dobzhansky anafungua na shehe mmoja wa Saudia, Abd el Aziz bin Baz, aliyeandikia mfalme mwaka 1966 kwa kukataza fundisho kama dunia inazunguka jua. Msomaji wa Marekani anacheka, anajisikia mwerevu. Lakini mu Tennessee, ku Marekani yenyewe, sheria ya kukataza mageuko mu shule ilitoka mwaka 1925 na ikaondolewa 1967 tu! Kwa nini kwenda kutafuta mjinga mbali, wakati jirani yuko pale? Mtu ukimuchekelea, hafungue masikio. Sisi pia tuko na ile tabia: tukipata licence, tunacheka pasta wa kijiji, halafu tunashangaa kwa nini wakulima wanamusikiliza yeye na sisi wanatuacha.

La pili ni zito zaidi. Dobzhansky anasema kama Mungu aliumba kila aina peke yake, lakini akaweka alama zote za undugu kati yao, basi angekuwa anatudanganya, na Mungu hawezi kudanganya. Neno hili ni zuri, na mimi kama mwamini nalikubali. Lakini ni neno la dini, si la biolojia. Ukiruhusu mwanasayansi kusema "Mungu hangefanya vile", hutaweza kumukataza pasta kusema naye "Mungu hangefanya vile". Sitokromu c na drosofila za Hawaii zilitosha kubeba mzigo. Hakukuwa lazima kuita tabia ya Mungu ije kuwa shahidi.

La tatu njo linatuhusu kabisa. Mihogo ilitoka Amerika ya Kusini, ikaletwa na Wareno. Ilipofika Afrika ikakutana na virusi vya huku, vyenye haikuvijua kule kwao. Ugonjwa wa mozaiki uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, mu Tanganyika. Mu miaka ya 1990 mozaiki kali ikaharibu mashamba ya Uganda, na mwaka 1997 wachunguzi walionyesha chanzo: virusi viwili vilikutana mu mmea mmoja, vikachanganya vipande vyao, kikatoka kirusi kipya, kikali. Kikavuka mipaka, kikafika kwetu. Hiyo ni mageuko, bandugu, na imekula bugali na sombe ya watoto.

Kama mageuko ni njia ya Mungu ya kuumba, basi kile kirusi kimetoka wapi? Dobzhansky anataja kama aina nyingi zimekufa na kuisha, lakini anapita haraka. Maumivu hayagusi. Na mu vijiji vyetu swali la kwanza si umri wa dunia. Mama mwenye majani ya mihogo yamejikunja anauliza: nani ametutumia hii? Akijibiwa kama ni laana, ao jirani amemuloga, atafunga na kuomba, halafu atakata miti ya mihogo ku mmea ule ule mgonjwa na kuipanda tena. Ugonjwa unatembea na vile vinzi vyeupe, na unatembea pia na mkono wetu wenyewe.

Hapa njo Injili inasaidia kuliko Dobzhansky. Mu Luka 13, watu wanaletea Yesu habari za wenye kuuawa, naye anakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anakataa kusema kama walikuwa na dhambi kupita wengine. Kwa hiyo, mkulima wa shamba ligonjwa pia hatuna ruhusa ya kumuhukumu. Ile haimalizi swali la maumivu, na mimi sina jibu la kulimaliza. Lakini inaondoa laana mu shamba, na mama anaweza sasa kuangalia majani.

Kwa hiyo, musome lile andiko, si kichwa tu. Na wenye kufundisha ku sekondari, ao kuhubiri, ao yote mbili: mukisha kueleza mageuko, mupeleke watu mu shamba, mung'oe mmea mgonjwa mbele yao, na muwaonyeshe namna ya kuchagua miti mizima ya kupanda. Sala inaweza kufanyika pale pale, mbele ya kuanza kupanda.