Ufundi wa Kusoma Damu

Gerezani ni mtaa wa mafundi. Hapa injini husikilizwa kabla haijafunguliwa, na anayeheshimika ni fundi anayetafuta chanzo cha ubovu, si anayekimbilia kubadilisha spea. Kwa heshima hiyohiyo namsifu fundi mwingine, ambaye kazi yake haifanyiki mbali na hapa, ng'ambo ya Kariakoo, katika hospitali ya Muhimbili: mtafiti wa chembe nyekundu za damu.

Chembe yenye afya huishi takriban siku 120. Ni laini, hata hupenya mishipa myembamba kuliko upana wake. Kwa mwenye selimundu, ambayo wengi twaiita sikoseli, kasoro ndogo katika himoglobini huifanya chembe ikakamae na kujipinda inapopungukiwa oksijeni. Mishipa huziba, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Chembe hufa mapema, damu ikapungua. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha kwamba aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana imeenea sana katika nchi zetu zenye mbu.

Lakini kuujua ugonjwa si sawa na kuwajua wagonjwa. Hapo ndipo ulipo ufundi wa Profesa Julie Makani. Alisomea udaktari Muhimbili, akaendelea na masomo Uingereza, akarudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2004, yeye na wenzake waliwasajili wagonjwa wa selimundu Muhimbili na kuwafuatilia: kupima, kuandika, kuwaita tena, mwaka baada ya mwaka. Hadi 2009 walikwishasajili zaidi ya 1,700. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba kifo huwawinda zaidi walio chini ya miaka mitano, na kwamba upungufu mkubwa wa damu ni ishara ya hatari. Mwaka huohuo Royal Society ya London ilimtunuku Tuzo ya Pfizer.

Mimi nauvulia kofia zaidi ule uvumilivu wa daftari. Daftari hilo ndilo linalotuambia tuwahi wapi: kumpima mtoto mara azaliwapo, kumpa penisilini na chanjo mapema, kumwanzishia dawa ya haidroksiyurea anayeihitaji. Tena linamtetea mama anayenyooshewa kidole na wakwe, kwa kuwa mtoto mwenye himoglobini yenye kasoro kwa pande zote mbili ameirithi kwa baba na kwa mama.

Basi vijana mnaopanga ndoa, nendeni mkapime. Wawili walioirithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu wakioana, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Watafiti wamekwishafanya sehemu yao. Iliyobaki ni yetu.