Utamaduni na Biashara: Funzo la Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Methali mbili husikika mara nyingi madarasani mwetu. Ya kwanza yasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ya pili yasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ya kwanza huandikwa ubaoni katika somo la utamaduni, ya pili katika somo la biashara. Ni nadra mwalimu kuziandika zote mbili siku moja, kwani tumezoea kuamini kwamba utamaduni ulikuwa safi hadi biashara ilipoingia na kuuchafua. Katika makala haya tunakusudia kuipima imani hiyo kwa historia ya sehemu moja ya nchi yetu: milima ya Umatengo katika Wilaya ya Mbinga, pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, ambao tangu mwaka 2012 umekuwa wilaya inayojitegemea, makao makuu yake yakiwa Mbamba Bay. Tutaona kwamba imani hiyo ni kweli nusu, na kweli nusu ni mwalimu mbaya.

Tuanze na ziwa. Watu wa mwambao walikuwa na samaki, na watu wa milimani walikuwa na nafaka na maharage. Dagaa walipanda mlima, mahindi yakateremka. Kutoka kaskazini mitumbwi ilileta vyungu vya Wakisi, vilivyofinyangwa na wanawake kwa ustadi uliosifika pande zote za ziwa. Hapana mtu awezaye kusema kwamba chungu cha Mkisi si sanaa kwa kuwa kiliuzwa. Kinyume chake, kama kisingaliuzwa, ufinyanzi huo usingalifikia ustadi ule. Mnunuzi alikuwa mpishi. Alikijua chungu chema na kibovu, na ujuzi wake ulimlazimisha mfinyanzi asilegeze mkono. Hapa biashara ilikuwa mlezi wa utamaduni.

Lakini ziwa hilo hilo liliona biashara ya namna nyingine. Tangu miaka ya 1840, Jumbe wa Nkhotakota, ng'ambo ya magharibi, alikuwa akivusha pembe za ndovu na watu kwa majahazi hadi ufuko wa mashariki, ambako misafara ilianza safari ya Kilwa. Biashara hiyo haikununua kazi ya mtu bali mtu mwenyewe. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli yote: Kiswahili tunachokiandika hapa kilisafiri kwa njia hizo hizo za misafara. Maneno bei, faida na hasara asili yake ni Kiarabu. Duka tulilipokea kutoka kwa Wahindi. Lugha yetu ya taifa ina vumbi la sokoni miguuni. Hatuionei haya, ila hatusahau ni nani waliobeba mizigo njiani.

Tupande sasa mlimani. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo wengi kwenye miinuko, na huko wakastawisha kilimo cha ngoro. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba juu ya mteremko. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo, kisha hupanda maharage juu ya kingo. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni na udongo haubebwi kupelekwa bondeni. Akitazama kutoka mbali, mgeni hudhani mlima umefumwa kama jamvi. Huu nao ni utamaduni, ijapokuwa hauna ngoma wala vazi, na yafaa wanafunzi waujue hivyo.

Kahawa iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, wakati mkoloni alipokuwa akidai kodi kwa fedha taslimu. Je, kahawa iliiua ngoro? Haikuiua. Mbuni ulipata mahali pake karibu na nyumba, ngoro ikabaki mtelemkoni, na fedha ya kahawa ikanunua majembe na kulipa karo. Tatizo lilikuwa jingine: fedha hiyo kwa kawaida iliishia mkononi mwa mume, hali ngoro zilizolisha nyumba zilichimbwa na mke. Kasoro hiyo haikuletwa na soko peke yake. Sisi wenyewe tuliikaribisha, tukaiita mila.

Kahawa ilihitaji ushirika, na ushirika haukukuta watu wasiojua kukaa pamoja. Wamatengo walikuwa na sengu: wazee na wanaume wa ukoo walikula pamoja, na wakiisha kula waliamua mashauri, wakawafunza vijana. Chama cha Wangoni na Wamatengo kilipoanza kuuza mazao ya wanachama wake katika miaka ya 1930, desturi ya kushauriana ilikuwapo tayari. Ushirika ulivunjwa kwa amri ya Serikali mwaka 1976. Ukarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kikuu cha Mbinga kikaanguka, na mbolea ikapanda bei. Wakulima wengi waliteremka kufyeka misitu ya miombo ili kupata mashamba mapya, na huko chini ngoro haikuwafuata yote. Tangu mwaka 2018 kahawa imerudishwa kuuzwa kupitia vyama vya msingi. Tunataja miaka hii ili msomaji aone jambo moja: kila mara mkulima alipoondolewa mezani pa mashauri, si mfuko wake tu uliotoboka, bali pia desturi zake za kulima na kushauriana.

Tufike kwenye ngoma, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Mganda unahesabiwa leo kuwa ngoma ya asili ya watu wa Nyasa na Umatengo. Tuutazame vema. Wachezaji husimama safu kama askari. Huvaa mashati na kaptura nyeupe, na soksi ndefu. Hupuliza vibuyu vinavyotoa sauti mfano wa tarumbeta, na vyeo vyao vina majina ya kijeshi. Mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenezwa bara na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo viliwafikia watu wa mwambao mapema sana: ilikuwa Agosti 1914 meli ya Waingereza ilipoishambulia meli ya Wajerumani pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Baadaye vijana waliondoka kwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine katika migodi ya Afrika Kusini. Walirudi na nguo, na fedha kidogo, na mwendo wa gwaride. Kijiji kikayachukua hayo kikayafanya yake. Wanawake nao wakawa na kioda, yenye safu zake na sare zake.

Basi ngoma tunayoiita ya asili imetokana na vita na soko la vibarua. Je, tuikane? La hasha. Fahari ya mganda ni kwamba watu walichukua amri ya bwana wao wakaigeuza kuwa mchezo wao. Walishindana kijiji kwa kijiji baada ya mavuno. Wenyeji walichinja na kupika kwa ajili ya wageni, na mwaka uliofuata wageni wakawa wenyeji. Gharama zilikuwa kubwa, lakini hakimu alikuwa mtu ajuaye: bibi aliyekaa chini ya mwembe, aliyeweza kusema safu ya pili imechelewa hatua moja. Bibi huyo alikuwa kwa mganda kama mpishi alivyokuwa kwa chungu cha Mkisi.

Leo mganda huonekana zaidi mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Na hapa sisi tulio watumishi wa umma hatuna budi kujilaumu. Tumewahi kuandaa ratiba za sherehe na kuandika kwa mkono wetu, "Ngoma: dakika tano." Tuliwaona wazee waliotembea tangu alfajiri wakikatizwa kabla safu hazijageuka mara ya pili, kwa sababu gari la mgeni lilikwisha washwa. Walipewa soda na posho, wakashukuru. Hapana aliyewaambia kama walicheza vizuri au vibaya, maana hapana aliyekuwa akitazama.

Watu watatuuliza: je, msanii asilipwe? Alipwe, tena vizuri zaidi. Posho haikuidhuru ngoma ile. Iliyoidhuru ni kununuliwa na asiyeijua, kwa kipimo cha saa yake mwenyewe. Mcheza ngoma akizoea mnunuzi wa namna hiyo, hana tena sababu ya kufanya mazoezi. Mwanawe ataiga dakika tano tu, na atadhani ndizo zote.

Kwa hiyo tunapopima biashara inayoukaribia utamaduni wetu, tuulize maswali matatu. Ni nani anayepanga bei? Ni nani anayehukumu ubora? Na mtengenezaji aweza kukataa kuuza? Mfinyanzi wa Kikisi angeyajibu yote kwa kichwa kilichoinuka. Mtumwa wa Nkhotakota asingeweza kujibu hata moja. Sisi tumo katikati, na barabara ya lami iliyokwisha fika Mbamba Bay itatuletea wanunuzi wengi zaidi.

Tunawashauri walimu waziandike methali zile mbili ubaoni siku moja. Kisha wawapeleke wanafunzi kijijini wakatazame mganda mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wakiwa wamekaa karibu na bibi yule wa chini ya mwembe, na wamwulize ni nani aliyekosea hatua.